Nimetembea Chicago ya 1893 kwa miwani ya VR: niamini kiasi gani cha nilichokiona?

Mwalimu_Zuhra

Habari zenu wanajukwaa. Nafundisha historia sekondari, na natafuta namna ya kuwaonyesha wanafunzi miji iliyotoweka badala ya kuwakaririsha tarehe. Majuzi nilivaa miwani ya VR (inayokuonyesha mahali palipotengenezwa kwa kompyuta kana kwamba upo ndani yake) nikatembezwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya 1893, ule mji mweupe ambao msanifu majengo Daniel Burnham na wenzake waliujenga kando ya Ziwa Michigan kwa ajili ya maonyesho ya miezi sita tu. Nilisimama mbele ya bwawa kuu, nikaiona sanamu ya Jamhuri iliyopakwa dhahabu, na majumba pande zote yamelingana kimo. Nilisisimka kwelikweli.

Kisha nikaingia ndani ya jengo mojawapo. Kila kitu kilikuwa kimekamilika: mapambo ya dari, rangi za kuta, taa, hadi mbao za sakafu. Nikajiuliza, haya wameyatoa wapi? Picha za wakati ule ni za nyeusi na nyeupe, na majengo mengi ya pale yaliteketea kwa moto 1894.

Naomba kujua kwa wenye uzoefu: ziara kama hii inapotengenezwa, kipi huwa na ushahidi na kipi ni cha kubuni? Na wanafunzi niwaonyesheje tofauti hiyo bila kuwaondolea hamu? Sitaki watoke darasani wakiamini wameuona mji wenyewe.

FundiRamani

Mwalimu, sisi tunaochora modeli hizi tulipaswa kuulizwa swali hili kila siku. Kazi yangu ni kuyasimamisha upya kwenye kompyuta majengo yaliyobomolewa, kwa hiyo nakujibu kutoka mezani kwangu.

Kwa mji wa Marekani wa miaka ile, naanza na ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn. Zilichorwa ili wenye bima wajue nyumba ipi ni rahisi kuungua, kwa hiyo rangi zake zina maana: waridi ni tofali, njano ni mbao, buluu ni jiwe. Ndani ya kila umbo imeandikwa idadi ya ghorofa. Hapo najua jengo lilikaa wapi, lilikuwa na upana gani na lilijengwa kwa vifaa gani. Sehemu hiyo naiamini. Ila kuhusu sura ya jengo, ramani haikwambii chochote.

Sura inatoka kwenye picha, na picha moja inaweza kunikalisha siku nzima. Nahesabu safu za matofali kutoka kizingiti cha mlango hadi chini ya dirisha, nazidisha kwa unene wa tofali pamoja na chokaa yake, napata kimo. Kivuli kilichoanguka ukutani kinanieleza ukingo wa paa ulitokeza nje kiasi gani. Kwa njia hiyo ukuta wa mbele unapatikana vizuri, maana kila mpiga picha aliutaka. Ule wa nyuma, unaotazama uchochoro, mara nyingi hakuna aliyehangaika nao. Lakini lazima niuchore, kwa sababu aliyevaa miwani atazunguka tu. Basi hapo naanza kukisia, na makisio yangu yakiingia kwenye miwani yanang'aa sawasawa na vile nilivyovipima. Hilo ndilo linaloniumiza katika kazi hii. Kwenye mchoro wa karatasi ningetia mistari ya nukta, msomaji akaelewa.

Kwenye rangi umegusa penyewe. Mji ule una nafuu kwa sababu weupe wa majumba yanayozunguka bwawa kuu ulielezwa na watu wengi waliofika. Kuta zenyewe zilikuwa plasta iliyochanganywa na nyuzi za juti juu ya fremu za mbao na chuma; hazikukusudiwa kudumu. Lakini Jengo la Uchukuzi la msanifu Louis Sullivan halikuwa jeupe. Lilipakwa rangi nyingi, na mlango wake mkubwa wa matao ulikuwa wa dhahabu. Ziara ikikuonyesha jengo hilo jeupe kama jirani zake, ujue waliotengeneza hawakusoma.

Sasa linganisha na Soko la Hisa la Chicago, jengo la 1894 lililosanifiwa na Sullivan huyohuyo na mwenzake Adler. Lilibomolewa 1972. Mpiga picha Richard Nickel aliingia ndani wakati ubomoaji ukiendelea ili kuokoa mapambo, na tarehe 13 Aprili mwaka huo sehemu ya jengo ilimporomokea, akafa. Vipande vya rangi za ukutani, vioo na vichwa vya nguzo viliokolewa, na kutokana navyo ukumbi wa biashara ulijengwa upya ndani ya Taasisi ya Sanaa ya Chicago, ambako hadi leo mtu anaingia kwa miguu yake. Rangi zile zilitoka kwenye vipande halisi. Mtu alikufa akitafuta ushahidi wa aina hiyo, ndiyo maana siwezi kuvumilia anayejaza ukuta kwa rangi aliyoipenda tu halafu akanyamaza.

Kwa darasa lako: upo Mkataba wa London, toleo la 2009, unaowataka watengenezaji waeleze wazi kipi kina ushahidi na kipi ni makisio. Waulize wenye ziara kama kuna kitufe cha kugeuza makisio yawe ya kijivu na kuacha rangi kwenye vyenye ushahidi. Kama hakipo, omba orodha ya vyanzo. Wakikosa vyote viwili, waonyeshe wanafunzi kama burudani, usiitungie mtihani.

Jabali_wa_Hatua

Nami niongeze habari ya umbali. Ziara nyingi hazikutembezi, zinakurusha: unabonyeza, umeshafika mbele. Wanafanya hivyo kuzuia kichefuchefu, kwa kuwa macho yakiona mwendo ambao sikio la ndani haliuhisi, mwili unachafuka. Sababu ni ya haki kabisa. Lakini Jengo la Viwanda na Sanaa pale Chicago lilikuwa na urefu wa kama mita 514, yaani dakika sita na zaidi za mwendo wa kawaida kando ya ukuta mmoja! Ukirushwa, ukuta huo unaisha kwa mabonyezo mawili. Mwalimu, kabla hawajavaa miwani watoe nje, watembee mita 514 kwa miguu. Ndipo waone lile jengo.

Nuru_K

Mnazungumzia kuta, mimi nauliza watu. Frederick Douglass, mpigania uhuru wa watumwa, alikuwa pale 1893 akiwakilisha banda la Haiti, na mwandishi wa habari Ida B. Wells aligawa hapo kijitabu cha kulalamikia Wamarekani weusi kutengwa kwenye maonyesho yale. Kama ziara inapita kwenye bwawa na sanamu tu, haifiki banda la Haiti, basi wamejenga upya hata kule kutengwa. Dada Zuhra, hicho ndicho kituo cha kwanza ningewapeleka wanafunzi.

Mwalimu_Zuhra

Nuru, banda la Haiti halikuwamo kabisa kwenye ziara niliyoiona. Nitalifundisha kwa maneno, miwani ikiwa mezani. Jabali, zile mita 514 tutazitembea wiki ijayo.

FundiRamani, moja la mwisho: je, michoro ya rangi ya wasanii wa zamani ni ushahidi? Naona inatumika sana.

FundiRamani

Ni ushahidi, ila usiuachie peke yake. Mji Mkongwe wa Warszawa, Poland, uliharibiwa na Wajerumani katika Vita vya Pili, na waliojenga upya walitazama sana michoro ya Bernardo Bellotto, aliyeuchora mji ule karne ya 18. Bellotto alikuwa makini ajabu, lakini alikuwa msanii, na penye kutaka uzuri zaidi aliuongeza. Kilichowasaidia ni kwamba walikuwa pia na vipimo vilivyochukuliwa kabla ya vita, vikiwemo vya wanafunzi wa usanifu wa Politekiniki ya Warszawa, ambavyo vilifichwa vikasalimika. Kwa hiyo mimi mchoro wa rangi naupa kazi ya rangi na hali ya mtaa. Idadi ya madirisha naitafuta kwingine.

Waandikie wenye ziara uwaombe orodha ya vyanzo. Wakikutumia, iweke hapa, nitaipitia jengo kwa jengo.