Watoto wa Bibi M'Birindwa (watu 31)

*Jumatano*

Shangazi Nabintu, 18:41
Jambo yenu wote. Kumaliza kilio cha Babu ni Jumamosi ya wiki ijayo, msiseme sikuwaambia. Mpaka leo nina dola 215. Wanatakiwa mbuzi watatu, mchele mifuko miwili, maharagwe, sombe (majani ya muhogo), mafuta, makaa. Mujomba Cito anatoa paja la ng'ombe, aksanti sana. Wengine mnasoma na kunyamaza, ninawaona.

Bisimwa, 18:47
📹 Video
Samahani Shangazi, nakatisha. Huyu wa tatu kutoka kushoto si Chance wetu??

Zawadi, 18:48
Mega za intaneti zimeisha, haifunguki. Nielezeni.

Bisimwa, 18:50
Ni Lille, Ufaransa, mbele ya duka la nyama. Vijana kama kumi wamelala chini ndani ya sinia kubwa nyeupe, kama zile za nyama za supamaketi. Wamefunikwa plastiki, wamejipaka rangi nyekundu. Nguo ni chupi tu. Chance wamembandika bei kifuani.

Zawadi, 18:50
Bei gani?

Bisimwa, 18:51
Euro 12 kilo

Zawadi, 18:51
😂😂😂 Yule mwembamba? Mifupa tupu, wanunuzi wanaibiwa.

Shangazi Nabintu, 18:53
Yesu. Na baridi ya kule. Nani amemvua nguo mtoto wa dada yangu?

Bisimwa, 18:54
Amejivua mwenyewe. Ni wale watetezi wa wanyama.

Mujomba Cito, 18:59
Hilo bango pembeni yake linasema nini? Miwani yangu imebaki dukani.

Mimi, 19:03
Mujomba, ni mambo ya kule tu.

Mujomba Cito, 19:03
Espérance. Nimeuliza linasema nini.

Mimi, 19:05
Linasema «Muuza nyama ni muuaji».

Mujomba Cito, 19:06
Sawa.

Mujomba Cito, 19:17
Minervali (karo ya shule) ya Chance ilitoka kwenye vichwa na matumbo. Nyama yenyewe ililisha nyumba yangu, lakini vichwa na matumbo ya kila ng'ombe niliyechinjisha vilikuwa vya Chance, tangu mwaka wa kwanza mpaka alipochukua diploma. Daftari ninalo hapa Kadutu, anayetaka aje alisome. Na siku ya kuvuka kwenda Kamembe, Rwanda, alikula brosheti saba. Nilizihesabu kwa sababu nililipa mimi.

Zawadi, 19:18
🙈

Bisimwa, 19:20
Mujomba usiumie, hawa ndio kazi yao, kuchokoza. Kwetu sisi watu wa mpira tunawajua tangu Zouma. Mwezi wa pili 2022 beki wa West Ham alionekana kwenye video akimpiga paka wake teke. Klabu ikamkata mshahara wa wiki mbili, pauni 250,000, pesa ikaenda kwa mashirika ya wanyama. Adidas wakamwacha. Paka wakachukuliwa. Mahakama ikamwongezea saa 180 za kazi ya bure. Mwenzake Antonio akawauliza waandishi: je, alichofanya ni kibaya kuliko ubaguzi wa rangi? Maana wapo wachezaji waliokutwa na hatia ya ubaguzi, wakafungiwa mechi nane tu.

Mimi, 19:24
Lakini Bisimwa, yule paka alipigwa kweli, na wanacheka. Mimi niliiangalia mara moja ikanitosha.

Papa Amani, 19:26
Swali la Antonio lilikuwa zuri ila lilifika nusu ya njia. Paka mmoja wa Uingereza alijulikana dunia nzima kwa siku mbili. Sisi hapa tumezika watu miaka thelathini, nani anajua hata jina moja? Mimi sina chuki na paka. Lakini mtu mwenye akili timamu, mtoto wa Bukavu, ajipake rangi ya damu kwa ajili ya ng'ombe? Damu aliiona hapa kwa macho yake. Haikuwa rangi.

Shangazi Nabintu, 19:27
Papa Amani umesema.

Bisimwa, 19:27
👏👏

Zawadi, 19:29
Na Batwa, wenyeji wa msitu, je? Mbuga ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970, 1975 wakaipanua, Batwa wakatolewa msituni ili sokwe wakae kwa amani. Hakuna aliyelala kwenye sinia kwa ajili yao.

Yaya Ombeni (Lwiro), 19:41
Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma yote. Zawadi, la Batwa ni kweli, na sisi tunaofanya kazi karibu na mbuga tusijifanye hatulijui. Lakini niwaambieni ninachokiona mimi. Hapa Lwiro, kituo chetu cha sokwe yatima, mtoto wa sokwe mtu analetwa kwenye katoni ya biskuti. Kiunoni ana waya, na nyama imeanza kuota juu ya waya, hatuwezi kuufungua bila daktari. Hatoi sauti. Ukimweka chini anashika nguo yako kwa mikono yote minne mpaka kucha zinaingia. Kuna mama mmoja wa kituo chetu alimbeba mgongoni kwa kitenge wiki nzima, anakula naye, anakwenda naye chooni. Maana ili kumpata huyo mdogo, mama yake lazima auawe, hamwachi mwanawe akiwa hai. Tunao zaidi ya mia, tangu kituo kianze 2002.

Yaya Ombeni (Lwiro), 19:43
Na Lubumbashi, Septemba 2022, watu waliingia usiku kwenye makimbilio ya sokwe, wakaiba watoto watatu na kudai pesa ya kuwakomboa, kama wanavyoteka watu. Kwa hiyo msiniambie anayelilia mnyama hana kazi. Ila kwa kujivua nguo barabarani, hapo simo.

Papa Amani, 19:45
Ombeni, sokwe haliwi na familia yetu. Hapa tunazungumza ng'ombe.

Mimi, 19:52
Nifafanue kidogo maana nimesoma habari zao (ndiyo, badala ya kuandaa mtihani). Hawa hawakuanza jana. Shirika la PETA la Marekani ni la 1980, ndilo lililozoesha watu mambo ya kujivua nguo na masinia. Mwaka 2012, Tel Aviv, wengine walikaa uwanjani wakachomwa ngozi kwa chuma cha moto, namba 269, namba ya ndama mmoja. Na hapo hapo Lille 2018 maduka ya nyama yalivunjwa vioo, mpaka wauza nyama wa Ufaransa wakamwandikia waziri wa mambo ya ndani wakiomba ulinzi. Lakini wapo wengine, L214, wao hupeleka kamera ya siri machinjioni. Mwaka 2015 walionesha video ya machinjio ya Alès, meya akayafunga. Hao hata wapenda nyama waliwasikiliza.

Zawadi, 19:53
Sasa Chance yuko na wapi, wa vioo au wa kamera?

Chance (Lille), 20:10
Jambo kwa wakubwa wote. Nilikuwa kazini, nimekuta jumbe 40.
Mujomba, shikamoo. Sijavunja kioo cha mtu na sitavunja. Bango si langu, tulipewa, lakini nililala pembeni yake, kwa hiyo ni langu.
Sikuwa nakuzungumzia wewe. Ninazungumzia viwanda vya huku, kuku elfu nyingi chini ya paa moja ambao hawajawahi kuona jua.

Mujomba Cito, 20:12
Bango halikuandika «isipokuwa mujomba wangu».

Chance (Lille), 20:13
Ni kweli.

Chance (Lille), 20:16
Papa Amani, nawe nikujibu kwa heshima. Kwa ajili ya Kivu nilitoka pia. Mara mbili. Tulikuwa wengi, tuna mabango, tumevaa nguo zetu vizuri, tumeimba. Niliwatumia picha kwenye kikundi hiki hiki. Rudini juu muangalie. Vidole gumba viwili. Leo nimelala na chupi, Bukavu yote imeniona kabla sijafika nyumbani.

Zawadi, 20:22
Nimerudi juu. Ni kweli. Kimoja ni cha kwangu.

Papa Amani, 20:25
Kingine si changu. Sikuziona.

Mujomba Cito, 20:31
🎤 Audio 2:48

Mimi, 20:36
Kwa wasio na mega, Mujomba anasema hivi: ng'ombe wakishuka kutoka milimani wametembea siku tatu, bila maji, wanapigwa fimbo mpaka mlangoni. Wenzake sokoni huchinja siku ile ile ili wasilipe malisho. Yeye huwapa maji, huwaacha walale usiku mmoja, ndipo anamwita mzee Ramazani na kisu chake, ili hata Waislamu wanunue. Ramazani humficha mnyama kisu mpaka dakika ya mwisho. Si huruma tu, anasema: ng'ombe aliyechoka na kuogopa nyama yake inatoka nyeusi, inanata mkononi, kesho imenuka. Nyama ya duka lake ni nyekundu mpaka jioni ya pili, wateja wanajua.
(Na ni sawa. Kwenye kozi tunafundishwa: mnyama aliyechoka amemaliza sukari ya misuli, nyama haipati asidi ya kutosha, inakuwa nyeusi na haikai.)

Chance (Lille), 20:40
Mujomba, hicho ndicho tunachokipigia kelele.

Mujomba Cito, 20:41
Hapana. Wewe umesema muuaji. Mimi nimesema maji. Usiyachanganye.

Yaya Ombeni (Lwiro), 20:42
😅

Chance (Lille), 20:49
Nimeelewa. Nisamehe kwa lile neno. Nyama sitakula tena, hilo siwezi kukudanganya.

Mujomba Cito, 20:55
Usile. Brosheti zitapata wengine.

Chance (Lille), 20:58
Shangazi, nimetuma dola 60 za kilio cha Babu, angalia simu yako. Ninaomba zinunue mchele, maharagwe na sombe. Zisiingie kwenye mbuzi.

Papa Amani, 20:59
Atajuaje? Pesa ikishaingia kwenye pochi ya Nabintu haina jina.

Shangazi Nabintu, 21:02
Kwangu ina jina. Zimefika. Nimeandika: Chance, 60, maharagwe na sombe. Jumla 275. Mbuzi wa tatu bado hana mtu.

Mujomba Cito, 21:04
Mbuzi wa tatu niandike mimi. Sombe ya Chance ipikwe sufuria yake, wasitumbukize mfupa humo. Atauliza.

Mujomba Cito, 21:04
Na avae koti.

Shangazi Nabintu, 21:06
Bisimwa, wewe hujatoa hata dola moja. Futa kwanza hiyo video, Bibi anaomba simu yangu aangalie picha za ubatizo.