Ujumbe kwenye Simu ya Marehemu

*Kikundi: Ukoo wa Babu 🌴*

Mama Zuhura (Kisauni): Asalaam alaykum nyote. Ile simu ya batani ya marehemu Babu, iliyoko kabatini kwangu, imelia asubuhi hii. Moyo ulinienda mbio! Kumbe ni meseji: mkulima, mbolea yako ya ruzuku iko tayari, nenda ghalani.

Ami Saidi: Waalaykum salaam. Mifuko mingapi?

Mama Zuhura: Mitatu. Majina yake yote matatu yameandikwa.

Ami Saidi: Kwa ruzuku mfuko ni shilingi 2,500, mara tatu, 7,500. Mwaka 2022 kabla ya ruzuku, pesa hizo dukani zilikuwa za mfuko mmoja tu wa kilo 50. Usiifute hiyo meseji!!

Shangazi Mwanaisha (Kwale): Na mimi ninayelilima hilo shamba tangu Babu aanze kuugua? Sijapata meseji hata ya kusalimiwa.

Zuhura: Shangazi, siku ya kuandikisha wakulima kwa chifu alikwenda nani?

Shangazi Mwanaisha: Alikwenda Babu mwenyewe na bakora yake. Nilimwambia tuandike jina langu, akasema "shamba la nani?" Nikanyamaza.

Kaka Hamisi (Iowa, Marekani): Huku ni saa saba usiku lakini mmenichekesha. Hata huku wafu hulipwa! Wakaguzi wa Bunge, GAO, walitoa ripoti mwaka 2007: kati ya 1999 na 2005 wizara ya kilimo ilitoa dola bilioni 1.1 kwa majina ya marehemu 172,801.

Ami Saidi: Bilioni???

Kaka Hamisi: Zingine zilikuwa halali, mirathi haijagawanywa. Lakini asilimia 40 zilikwenda kwa waliokuwa wamekufa miaka mitatu au zaidi nyuma. Na huku hawapewi mifuko, ni pesa benki. Bei ya mahindi ikishuka chini ya kiwango cha sheria, serikali hufidia. Tena huhesabu ekari zilizoandikwa zamani, si ulichopanda mwaka huu. Na tangu 1985 kuna mpango wa kumlipa mtu aipumzishe ardhi.

Shangazi Mwanaisha: Alipwe ardhi ikilala?! Basi mimi na ile ndago yangu ya kule bondeni ningekuwa na ghorofa Nyali 😂

Ami Saidi: Tusipotee. Kitambulisho cha Babu kiko wapi? Nimtume kijana.

Mama Zuhura: Saidi! Cheti cha kifo nilikwenda kukichukua mimi. Hakuna atakayesimama ghalani ajifanye baba yangu.

Ami Saidi: Nimeuliza tu dada.

Shangazi Mwanaisha: Mimi hata siitaki mifuko ya marehemu. Nataka jina langu. Mvua za masika ziko mlangoni, na nikinunua dukani nitapanda nusu shamba.

Zuhura: Basi nenda kwa chifu, Shangazi. Chukua kitambulisho na namba ya simu. Mbolea ukiipata, fungua mfuko uitazame kwanza, si unaikumbuka ile bandia ya 2024.

Kaka Hamisi: Na hiyo laini iwe imesajiliwa kwa jina lako.

Shangazi Mwanaisha: …

Mama Zuhura: Mwanaisha?

Shangazi Mwanaisha: Hii laini alininunulia Saidi. Ina jina lake.

Kaka Hamisi: 🤣🤣🤣

Ami Saidi: Haya, haya. Jumamosi navuka feri, tukaibadilishe.

Shangazi Mwanaisha: Njoo na kitambulisho chako. Na jembe, kama wataka chakula cha mchana.