Mto Manafwa unalikula shamba letu: tuache ukanda wa mimea ukingoni kwa namna gani?

Binti wa Ukingoni (Mbale)

Ndugu wana jukwaa, naomba ushauri wenu. Marehemu baba alituachia shamba la karibu ekari 2 linalopakana na Mto Manafwa, lenye mita 50 kando ya mto na mita 160 kuelekea barabarani. Alilima mahindi na maharage hadi ukingoni kabisa, nasi tukaendelea hivyo hivyo. Kila msimu wa mvua kubwa ukingo humomonyoka. Mwaka juzi mkuyu ambao tulicheza chini yake utotoni ulianguka mtoni, na tangu siku hiyo sijawaona tena korongo taji waliokuwa wakilala juu yake.

Ningependa kuacha sehemu ya ukingo iote mimea yake tena. Kaka yangu anataka tupande mikalitusi ya kuuza milingoti, kwa hoja kwamba mti ni mti. Mama naye anahofia kwamba kichaka kitaleta nyoka mahali wajukuu wanapoteka maji. Niache upana gani, nipande nini, na nizungumze nao vipi ili wasione kwamba ninakipuuza chakula cha nyumbani?

Bwana Shamba Mstaafu

Binti yangu, tuanze na sheria, kwa sababu kaka yako pia anapaswa kuijua. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 za kulinda ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zimeutaja Mto Manafwa kwa jina miongoni mwa mito yenye ukanda wa hifadhi wa mita 100. Mito mingine isiyotajwa ina mita 30. Ndani ya ukanda huo hakuna kazi inayoruhusiwa bila kibali cha maandishi cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na mikalitusi haijasamehewa. Kwenu hilo ni mita za mraba 5,000 kati ya 8,000, nami sitakuambia kwamba ni jambo dogo kwa familia inayokula kutoka shamba hilo. Nendeni pamoja kwa afisa mazingira wa wilaya, mkamweleze hali yenu, lakini msingoje majibu ndipo muondoe jembe kwenye mita 20 za kwanza, kwa kuwa hapo ndipo udongo unapopotea.

Kuhusu hoja ya kaka, mkalitusi hunywa maji mengi, na chini yake majani huwa haba, hivyo mvua hupiga udongo mtupu na kuuburura hadi mtoni. Pale maji ya mto yanapofikia, acheni matete na mafunjo yarudi yenyewe. Juu kidogo, rudisheni mkuyu: kateni matawi manene kama mkono, muyachomeke ardhini mvua zinapoanza, nayo yatachipua. Matunda yake hulisha ndege na popo, na mizizi yake hushika ukingo. Korongo taji wanauhitaji mti wa kulala na majani marefu ya kinamasi ya kutagia, vyote viwili. Tangu 2012 ndege huyu aliye kwenye bendera yetu amehesabiwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka, na shamba lenu linaweza kumfaa.

Mpunga wa Butaleja

Dada, sisi tunalima mpunga huku Doho kwa maji ya mto huo huo. Udongo unaomomonyoka huko juu hujaza mifereji yetu, nasi huingia na majembe kuuzoa. Nawaomba pia msioshe pampu ya dawa mtoni. Kambare hupanda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji mafuriko yanapoanza, na majani hayo yakifyekwa au yakitiwa sumu, samaki hukosa pa kuzalia.

Mama Mizinga

Hofu ya mama yako ni ya haki, tena ijibiwe kwanza kabla ya habari za ndege. Acheni njia moja ya kwenda mtoni yenye upana wa mita 3, ifyekwe mara kwa mara ili mtoto aone anapokanyaga. Mkiweka mizinga ya nyuki, ikae mbali na njia hiyo. Kwenye mpaka wa ukanda na mahindi pandeni kaliandra, ambayo mtaikata kwa ajili ya ng'ombe na ambayo maua yake nyuki huyapenda sana. Mkilazimika kunyunyizia mahindi dawa, ngojeni jioni nyuki wakisharudi.

Mwana wa Bududa

Kwa nini msipande mianzi ya malewa? Inashika udongo, na machipukizi yake ni chakula.

Bwana Shamba Mstaafu

Mwanangu, mwanzi wa malewa ni wa baridi ya juu ya Mlima Elgon, na bondeni utadhoofika. Wakitaka mwanzi, watafute aina ya nyanda za chini.

Binti wa Ukingoni (Mbale)

Ninawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nimewasomea mama na kaka majibu yenu jioni hii. Kaka amekubali mikalitusi michache ikae karibu na barabara, nje ya zile mita 100, na kwa afisa wa wilaya tutakwenda sote Jumatatu. Kesho tutapima mita 20 kwa kamba. Mama mwenyewe ameshachagua mahali pa njia: ni pale alipokuwa akifulia nguo, kivulini, kabla ya mkuyu kuanguka.