Nimepata kazi ya uelimishaji jamii kwenye mradi wa chuo, wanakijiji wananidai majibu ya sampuli. Naombeni ushauri

Mbuyu Mnene

Wakuu heshima kwenu. Naomba mnisome mpaka mwisho maana maelezo ni marefu kidogo.

Nimesoma mambo ya lishe, nimesota mtaani weee mpaka basi, sasa nimepata mkataba na chuo kimoja (jina naliweka kapuni) kitengo chao cha kupeleka elimu vijijini. Cheo mwelimishaji jamii. Nimepangiwa huku Kondoa, mada yenyewe ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga. Nadhani mnakumbuka 2016 watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye hiyo kitu, basi tangu hapo miradi huku haikauki.

Kazi naipenda kabisa. Mshahara si haba, pikipiki nimepewa, fulana na kofia usiseme. Shida ni hii. Nikifika kijijini naanza kufundisha, kausheni kwenye turubai msianike chini, msihifadhi mahindi mabichi, wananisikiliza kwa heshima zote halafu mama mmoja anasimama anasema "mwanangu, wenzako walikuja wakachukua mahindi yetu kwenye vifuko wakasema wanaenda kupima, majibu yako wapi?" Kila kijiji hivyo hivyo. Wale wenzangu ni wa chuo hikihiki, mradi uliotangulia. Nimeuliza ofisini nimeambiwa we fundisha, hayo ya sampuli ni ya watafiti, sio kazi yako, leta karatasi za mahudhurio zenye saini zimetimia.

Na kuna swali jingine linanikosesha usingizi. Wanauliza haya mahindi yaliyomo ndani sasa hivi yana ukungu, tukiyatupa tutakula nini? Kwenye kitabu cha mafunzo imeandikwa "yateketezwe". Sasa mtu ana magunia matatu ya kufika mavuno, wewe unamwambia ateketeze?

Niendelee kimya kimya nile mshahara au nifanyeje? Wenye uzoefu naombeni mawazo.

Pangu Pakavu

Dogo kula mshahara tulia. Mradi una mwanzo na mwisho, wewe una kodi ya nyumba. Saini zikitimia umemaliza kazi. Hao wanakijiji wamezoea kuulizwa maswali na watu wenye fulana, kesho atakuja mwingine wa vyandarua, keshokutwa wa vyoo.

Karatasi Nyeupe

Pangu Pakavu usimpotoshe mtoto wa watu.

Mbuyu nisikilize, mimi nimefanya udodosaji kwenye miradi ya vyuo miaka mingi, nimejaza madodoso mpaka vidole vimeota sugu. Hilo deni unalodaiwa ni la kweli na hutafundisha kitu kikaingia mpaka lilipwe. Mtu umechukua chakula chake, umemsainisha fomu ya ridhaa, umemwambia utafiti huu utakunufaisha, halafu kimya. Ukirudi na fulana mpya yeye anaona ni walewale, na hajakosea, ni walewale kweli.

Na hiyo ya kuambiwa majibu ni ya watafiti sio yako, sikubaliani nayo hata kidogo. Kwenye maombi mengi ya kibali cha maadili mtafiti anaulizwa matokeo atayarudishaje kwa jamii, na anaandika pale vizuuri kwamba kutakuwa na mikutano ya mrejesho. Kwahiyo nenda kaombe kwa adabu uone hilo andiko la mradi uliopita. Usiende kama mpelelezi, nenda kama mtu anayetaka kuwasaidia kutimiza walichoahidi wenyewe. Andika barua pepe, kwa mdomo utazungushwa.

Ukipewa majibu, angalizo moja kubwa: USITAJE kaya. Usisimame ukasema mahindi ya mzee fulani yamekutwa na sumu, utamuharibia soko na utagombanisha watu, mke mwenza ataanza kusema sumu ilitoka wapi. Toa ya kijiji kwa ujumla, kwamba katika sampuli za hapa nyingi au chache zimevuka kiwango. Kiwango cha Afrika Mashariki ni 10 kwa jumla ya sumukuvu zote na 5 kwa ile kali kuliko zote, B1, hapo ni maikrogramu kwa kilo. Ila usiwapige na namba hizo, waambie tu imevuka au haijavuka. Mwenye kaya akitaka ya kwake mwite pembeni.

Mkulima wa Kiteto

Mimi ni mkulima sio msomi ila nimeguswa. Hapa kwetu wamekuja wengi. Kitu kinachoniudhi ni muda wanaokuja. Semina ya kukausha mahindi wanaileta mwezi wa tisa, mahindi tumeshavuna tangu wa sita yako kwenye magunia. Unanifundisha kukausha nini sasa? Karanga ndo zinatoka mapema zaidi. Njooni wa nne, mtu yuko anaangalia shamba lake anawaza atavunaje, hapo masikio yako wazi.

Halafu mnasemaga ghala ghala, ukungu mwingine unaanzia shambani. Mvua ikikata wakati hindi linajaza punje, jua likalichapa, wadudu wakatoboa, hapo tayari. Ule mwaka ukame ukiuma ndo ujue chakula kidogo na kibaya vyote vinakuja pamoja.

Ile mifuko ya plastiki ya ndani, ya tabaka mbili na gunia la nje, ni mizuri, dumuzi wanakosa hewa humo ndani wanakufa, ila huku kwetu mmoja ni kama elfu tano na gunia la kawaida ni buku tu. Semeni na bei basi mnapofundisha.

Mbuyu Mnene

Mkulima asante sana aisee, hilo la mwezi wa tisa ndio ratiba yetu kabisaaa, pesa zinatoka mwezi wa saba halafu zinakaa kwenye manunuzi wee mpaka turubai za mfano zifike msimu umekwisha.

Karatasi Nyeupe nimekuelewa. Barua naandika. Ila lile la "yateketezwe" bado.

Bibi Shamba Mstaafu

Salaam wanangu. Nimekuwa afisa ugani mpaka nimestaafu, nikajibu hilo.

Huwezi kumwambia mwenye njaa ateketeze. Atakuitikia ndiyo mama, ukiondoka anapika. Na mengine atayauza, au yatapikiwa pombe, kwahiyo sumu haijateketea imehama tu. Usimtishe, mpe kazi ya kufanya leo. Kwanza kuchambua kwa mkono, atoe punje zote zenye rangi rangi, zilizokunjamana, zilizotobolewa, zilizovunjika, maana sumu haikai sawa kwenye gunia zima, punje chache mbovu ndio zimebeba mzigo mkubwa. Hicho kidogo kibovu kilichotolewa ndio cha kufukiwa, na mtu anakubali maana ni kibakuli sio gunia. Pili kuosha. Tatu kukoboa, kwa kuwa sehemu kubwa inakaa kwenye ganda na kiini. Ukifanya hayo yote sumu inapungua sana, sisemi inaisha. Na gunia lililoshikana ukungu mpaka limekuwa mabonge, lenye harufu, hilo hata mimi nasema lisiliwe, hapo ndio uende kwa mtendaji mapema mambo ya chakula cha msaada yaanze kuzungumzwa.

Waeleze pia kwamba moto hauondoi. Ukungu unakufa kwenye chungu, sumu inabaki kwenye ugali. Wengi wanadhani ukichemsha sana basi.

Kupima ukavu usiwapelekee mashine ambayo utaondoka nayo. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia punje na chumvi kavu, tikisa vizuri, uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado mabichi, yamezidi kama asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda yameshuka chini ya hapo, ila we anika tena kidogo maana ya kuweka ghalani tunataka 13 kushuka. Bibi yeyote anaweza.

Na kwenye karanga waulize wanamenyaje. Akina mama wanalowesha maji maganda yalainike vidole visiume, hapo umekausha mwezi mzima umerudisha unyevu kwa dakika moja. Usiwagombeze, kumenya karanga magunia kwa mkono ni mateso. Kama mradi una hela ya fulana una hela ya mashine ya kumenyea ya mkono, moja kwa kikundi.

Nesi wa Zamu

Bibi Shamba shikamoo. Mi natibuka hapo kwenye kukoboa, maana sisi kliniki kila siku tunaimba kula dona, dona, sembe haina kitu. Sasa mama akitoka kwangu anakutana na Mbuyu anamwambia koboa. Atamsikiliza nani?

Bibi Shamba Mstaafu

Marahaba mwanangu. Wote mko sahihi kwa mahindi tofauti. Mahindi mazuri makavu yaliyochambuliwa, dona. Mahindi yenye mashaka, koboa. Mbuyu kabla hujasimama kijijini kaa na nesi wa zahanati mpange mseme kauli moja. Na pumba za mahindi yenye mashaka asipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa, inarudi kwenye maziwa hiyo.

Nesi wa Zamu

Sawa hapo nimekubali. Niongeze unga wa lishe basi. Huku watu wanachanganya mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga, yaani kila kitu, wanasaga wa mwezi mzima anapewa mtoto wa miezi sita. Karanga zenyewe ni zile zilizobaki sokoni maana ni rahisi na zikishasagwa hazionekani. Mbuyu hapo ndio pa kukomaa, mtoto anakula uji huo kila siku na mwili wake mdogo. Wasage kidogo kidogo, karanga wachague kwa macho moja moja.

Pangu Pakavu

Haya nimenyooshwa lol. Ila swali la posho hamjalijibu. Bila soda na nauli mkutano anakuja mwenyekiti na mbwa wake.

Karatasi Nyeupe

Hahaha. Posho tumeizoesha sisi wenyewe wa miradi, na mtu akiacha shamba kuja kukusikiliza ana haki ya kudai, sio tamaa. Dawa ni kuacha kuitisha mikutano yako. Kijiji kwa sheria kina mkutano mkuu kila miezi mitatu, watu wanakuja kwa mambo yao wenyewe, omba nafasi kwenye ajenda. Barua ipite kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata, halafu mtendaji wa kijiji. Ukienda hapo na mrejesho wa sampuli, hiyo yenyewe ni ajenda watu wanaitaka. Kama wanaongea Kirangi muache mmoja wa kijiji aeleze, wewe ongezea.

Mbuyu Mnene

Wakuu narudi na taarifa fupi. Barua nimeandika, bosi hakufurahi sana, kaniuliza nani kakutuma. Nikamwambia wanakijiji. Akakaa kimya akasema muhtasari wa majibu upo, kuna mtu ameukalia, ataniunganisha naye. Kama ni kweli au kuzungushwa tutajua wiki hii.

Mtendaji wa kijiji kimoja nimeshaongea naye, mkutano mkuu ni mwisho wa mwezi, kanipa nafasi baada ya mapato na matumizi. Kasema nijiandae, watakuwa na hasira, maana ile ajenda huwa inachukua masaa.

Mkulima wa Kiteto

Hapo kwenye mapato na matumizi jiandae kulala hukohuko. Beba chupa na chumvi yako.

Nesi wa Zamu

Na uje zahanati kabla, niko zamu ya mchana wiki nzima lol, kama sio kwangu basi kwa nesi wa hukohuko.