Ushauri: nachora watu bustanini hapa Lindi, nimeanza kukosa amani

Penseli Butu
Wakuu habari za saa hizi. Mwezi wa nne huu najifunza kuchora watu, naendaga bustani ya karibu na bahari na ubao wangu na rangi za maji. Shida watu hawatulii, ukianza mkono kashauhamisha, na rangi inakauka kabla sijaitandaza. Halafu siku hizi naangaliwa vibaya kidogo. Kuna dada huwa anakaa pale jioni jua likizama kule Kitunda, yeye ndo nimemchora sana. Niendelee au nikae ndani nichoree picha za simu?

Fundi Mabango
Achana na simu, kivuli inakupa cheusi tii wakati jicho linaona rangi humo humo kivulini. Wasipotulia harakisha wewe, dakika mbili mbili kila mtu, anza na mgongo na uzito umelalia mguu gani, sura baadaye. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, pima kichwa kwa penseli, mtu mzima akisimama ni kama vichwa saba na nusu. Karatasi ikae kivulini uiloweshe kwanza. Masaa mawili yakipita funga, vivuli vishahama hivyo.

Bi Mitwero
Mwanangu, unaangaliwa vibaya kwa lipi? Huyo dada anajua anachorwa?

Mkorosho Mmoja
Mie wa Masasi. Nilikuwa nachora, mzee akachoma daftari akanipa bomba nikapulizie mikorosho, leo nina ekari sita nashukuru Mungu ila nikiona mtu kashika penseli roho inaniuma. George Lilanga alizaliwa huku huku 1934, kaanza na kuchonga vinyago ndo akaja kuchora mashetani yake, mpaka anafariki 2005 nje wanamjua. Usiache kijana.

Bi Mitwero
Hajanijibu.

Penseli Butu
Samahani mama. Alikuwa hajui. Mgeni mmoja alipita akaipenda picha nikamuuzia laki na ishirini, nikaiweka status, kaka yake huyo dada akaiona, sasa ananitafuta. Lakini jamani bustani si ya wote? Na sijamchora vibaya, kajitanda kanga yake vizuri tu. Tena mgeni kashatuma elfu sitini ya picha ya pili na karatasi nishanunua.

Mtoto wa Mtanda
Subirini kwanza. Jua linazama Kitunda?? Kitunda ng'ambo ya maji, jua linatokea upande huo, linazama huku nyuma ya mji vilimani. Huyu Lindi hajakanyaga, yupo zake Sinza anatunga.

Kaka Mpole
Chai hiyo, tena ya rangi 😂

Penseli Butu
Si chai. Nilibadili makusudi. Ni asubuhi, anasubiri boti ya kuvuka, mwanga wa baharini unampiga usoni. Ningesema asubuhi na boti mtu wa Lindi angemjua mpaka jina.

Bi Mitwero
Kumbe kusitiri unajua. Sisi umetuficha, mgeni ukamuuzia sura yake.

Mtoto wa Mtanda
Hapo nimekuelewa mkuu, nisamehe. Ila hiyo elfu sitini rudisha, au mwambie mgeni asubiri mpaka mwenye sura akubali.

Fundi Mabango
Mi wauza samaki nawachora kila wiki, naomba kwanza. Wapo wanaokataa, naondoka. Anayekubali anakutulia dakika ishirini nzima, si ndo ulichokuwa unalilia mwanzo wa uzi?

Penseli Butu
Nusu ya hela imeshaenda kwenye karatasi na brashi, nitaifidia. Kesho naenda na daftari lote alione, akitaka kurasa zake nampa, na ile laki na ishirini tutaongea. Nianze kwake au kwa kaka mtu?

Bi Mitwero
Kwake. Na usiende peke yako, chukua dada yako au mama yako.

Penseli Butu
Naenda na mama. Boti ya kwanza huwa anaiwahi, itabidi tutoke alfajiri.