Tupeane uzoefu: stroberi za nyumbani Arusha na Moshi, nani zimemkubali?

Mkazi wa Ilboru: Wakuu, kwema? Siku hizi kila geti unalopita kuna ndoo na viroba vya stroberi vimepangwa kwenye ngazi. Ukiuliza habari za matunda, mwenye nyumba anacheka tu. Tuandike hapa yanayotokea kwenye ndoo zetu wenyewe, tuachane na video za watu wenye kitalu nyumba. Uwe wa Njiro, wa Pasua au wa Kibosho juu kwenye baridi, sema umepanda kwenye nini, maji unatoa wapi, na je, unakula matunda au unafuga majani.

Naanza mimi. Nina viroba vya kilo 25 kando ya ukuta unaopigwa na jua la asubuhi. Udongo ni huu huu wetu mweusi wa Meru, sehemu tatu, kwa sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyokaa hadi ikaisha harufu. Samadi mbichi usithubutu, inaunguza mizizi.

Kubwa kuliko yote ni moyo wa mche, pale katikati yanapochomoza majani machanga. Ukae usawa wa udongo. Ukiufukia unaoza, na masika ndiyo unaoza upesi zaidi. Ukiuacha juu sana, mizizi inabaki wazi na kukauka. Wauza miche wengi hawakuambii hilo, wanakupa mche na chenji yako. Watu wanafika nyumbani wanafukia shina lote kama sukuma wiki, halafu wanasema mbegu ilikuwa mbaya.

Shangazi wa Njiro: Hapo kwenye moyo umesema kweli. Mimi naongeza maji. Mizizi ya stroberi iko juu juu, sehemu kubwa haipiti sentimita 15 au 20, kwa hiyo jua la saa saba likikausha ndoo, mche hauna pa kukimbilia. Lakini ndoo isiyotobolewa chini nayo ni kaburi. Toboa matundu ya kutosha, weka kokoto kidogo yasizibe, ndipo ujaze udongo.

Huku kwetu maji ni ya mgao, kwa hiyo natumia niliyooshea mboga na mchele. Ya sabuni hapana. Namwagilia asubuhi, kwenye udongo, siyo juu ya majani. Majani yakilala na maji, kesho kutwa unaona madoa, na tunda linavaa ukungu wa kijivu kama vumbi la jivu. Likishakuwa hivyo litoe upesi, usiliache linaambukiza wenzake.

Na maua ya kwanza kwenye mche mchanga mimi nayakata. Majirani wananishangaa. Mche ukizaa kabla haujajenga mizizi, unakupa matunda mawili madogo kama kito cha pete kisha unadumaa.

Fundi wa Pasua: Nyie watu wa Arusha mmekaa juu mita 1,400 mnapigwa upepo wa Meru, ndiyo maana mna raha ya kuongea. Moshi mjini tuko chini, mita mia nane na kitu. Januari na Februari hapa ni tanuri. Stroberi zangu zina majani mapana, mazuri, ungependa kuzipiga picha, na ua hata moja hakuna. Samadi nimeweka, maji nimeweka. Tatizo nini?

Mkazi wa Ilboru: Mangi, tatizo ni joto, na huenda na samadi yenyewe. Aina nyingi zinazouzwa huku, kama Chandler iliyotoka California, kwao huko zinasubiri siku ziwe fupi ndipo zitoe maua. Sisi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo urefu wa siku hautusumbui. Kinachoamua ni joto. Likipita nyuzi 30 mche unatoa majani na zile kamba zinazotambaa, maua yanagoma. Ukizidisha na samadi ndiyo kabisa, unaupa mche sababu ya kujaza majani. Subiri Juni mpaka Agosti, kukiwa na baridi na mawingu, uone.

Fundi wa Pasua: Kumbe. Maana mwaka jana Julai zilizaa, nikadhani ni bahati. Sasa nimezihamishia upande wa mashariki wa nyumba, zipate jua hadi saa sita hivi, mchana ukuta unazikinga. Chini nimetandaza maganda ya mpunga. Huku ni rahisi kupata, mashine za kukoboa ziko nyingi. Udongo unakaa baridi na tunda halilali kwenye tope.

Mama Kihamba: Mimi niko Kibosho. Baridi tunayo, maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa asili, tunayo, samadi ya ng'ombe wa ndani ipo hadi tunagawa. Mngedhani nakula stroberi kila siku. Shida yangu ilikuwa kivuli. Kihamba chote, yaani shamba la nyumbani, ni migomba na kahawa, na stroberi inataka jua saa sita kwa siku au zaidi. Chini ya mgomba inaota vizuri sana, ila haizai. Baba mkwe akasema wazi kwamba mgomba wake hauondolewi kwa ajili ya kitunda cha watoto. Kwa hiyo nimepanda kwenye matairi, pale tunapoanikia kahawa, na msimu wa kahawa nayasogeza.

Adui wangu ni konokono, hasa wale wasio na gamba. Mchana huwaoni. Asubuhi unakuta tunda jekundu upande mmoja, ukiligeuza kuna shimo linalong'aa utelezi. Nafanya hivi: jioni nakata kipande cha shina la mgomba, nakipasua katikati, nakilaza kifudifudi karibu na tairi. Asubuhi nakigeuza, wamejaa chini yake, wanono, wamegandana. Kuku wananisubiri pale pale, wameshajua ratiba. Sijawahi kununua dawa ya konokono na sina mpango.

Mdau wa Tengeru: Huku adui ni ndege. Vile vyenye mkia mrefu na kishungi, vinakuja kundi zima vinaning'inia kama popo. Havisubiri tunda liive, likianza tu wekundu wamefika. Niliona jirani amefunika na chandarua cha zamani, nikaiga.

Shangazi wa Njiro: Angalia sana, mwanangu. Vyandarua vingi vina dawa ya kuua mbu, na nyuki naye ni mdudu. Tena unafunika chakula chenu. Tafuta neti ya kawaida yenye matundu, na usiifunge wakati wa maua.

Mdau wa Tengeru: Ahaa, ndiyo maana matunda yangu ya mwisho yalitoka yamepinda, upande mnene, upande umesinyaa!

Mkazi wa Ilboru: Ndiyo yenyewe. Vile vidoa vya njano juu ya tunda, kila kimoja kinabeba mbegu yake, na kila kimoja kinataka chavua inayoletwa na nyuki. Nyama ya tunda inavimba pale tu mbegu ilipopata. Palipokosa panabaki pamesinyaa, na tunda lako lililopinda linatoka hapo. Mwenye ndoo ghorofani pasipofika nyuki apitishe unyoya mkavu juu ya maua asubuhi, taratibu, katikati na pembeni. Mwenye mzinga wa nyuki wadogo karibu hana kazi hiyo.

Kijana wa Sakina: Shikamoo shangazi, shikamooni wakubwa. Mimi ndiyo naanza. Nimenunua stroberi za pakiti dukani, nimekwangua mbegu nikazianika. Nizipande lini?

Shangazi wa Njiro: Marahaba. Unaweza kuzipanda, zitaota, ila taratibu mno na hutajua utapata nini. Hii stroberi kubwa ni chotara, mzazi mmoja wa Amerika Kaskazini na mwingine wa Chile, walikutana Ufaransa miaka ya 1700. Mbegu zake hazifanani na mama. Tafuta mwenye mche unaozaa, omba ile kamba inayotambaa. Kichipukizi cha mbele kilaze juu ya kikopo cha udongo kikiwa bado kimeungana na mama, kibane na kipande cha waya. Ukikivuta taratibu kikagoma, kimeshika mizizi, kata kamba. Usiziache zote, maana zinakula nguvu ya matunda. Na mche ukishazaa misimu miwili mitatu, uchoke nao, weka watoto wake.

Kijana wa Sakina: Asante shangazi. Udongo ninao, ule uliokuwa na nyanya na hoho mwaka jana.

Mama Kihamba: Huo hapana, mwanangu. Nyanya, hoho, bilinganya, viazi mviringo, vyote vina ugonjwa wa kunyauka unaobaki kwenye udongo, na stroberi inaupata. Panda mchicha humo, stroberi ipe udongo mwingine. Na ukianza kuvuna, subiri liwe jekundu mpaka shingoni, kwa sababu ukilichuma na weupe halitaongeza utamu ndani ya nyumba. Kata na kikonyo chake, usivute.

Kijana wa Sakina: Sawa mama. Shangazi, Jumamosi nipitie Njiro kuchukua kamba?

Shangazi wa Njiro: Pita. Njoo na vikopo vyako, vyangu vimeisha kwa watu kama wewe.