Mrejesho: gharama za kupandisha jeshi daraja kwenye gemu la mkakati la Civilization VI

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini hazina inakauka kila nikipandisha wapiga upinde kuwa Crossbowman (daraja lao la juu), na kama si nafuu kununua wapya. Mkanielekeza kadi ya sera ya Professional Army, ile inayofunguliwa na civic (hatua ya maendeleo ya kijamii) ya Mercenaries.

Nimeijaribu juzi kwa mshikaji wangu hapa Kirumba. Nusu ya dhahabu inabaki mfukoni, kweli kabisa. Ila utamu wenyewe uko kwenye muda: nilirundika dhahabu kwanza, nikaiweka kadi pale civic ilipokamilika, maana hapo kubadili sera ni bure, nikapandisha kikosi kizima zamu ileile. Civic iliyofuata ilipoisha, nikaitoa. Mpiga upinde mmoja alikuwa ng'ambo ya mpaka, kitufe kikagoma mpaka nikamrudisha kwenye ardhi yangu. Lakini promosheni zake zote (uwezo alioupata kwa kupigana) kabaki nazo, na hizo huwezi kuzinunua.

Mshikaji yeye anacheza na Scythia, taifa la wapanda farasi, na farasi wake tu, haambiliki.

Sasa nimekwama kwa Musketman (askari wa bunduki): wanadai Niter (madini ya baruti) na kwangu hakuna. Mnaipata kwa biashara na majirani, au mnaenda kuichukua kwa nguvu?